Hosti gani kwa tovuti ndogo? Mwongozo wa mnunuzi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Fundi wa samani wa Kibuye, mwenye gesti ya Milimani au shule ndogo ya Nakuru anahitaji tovuti ya kurasa tano au sita tu: huduma, picha, bei, ramani na namba ya kupiga. Kazi hiyo haidai seva kubwa wala mtaalamu wa kulipwa kila mwezi. Inadai vitu viwili, jina la domeini (anwani ya tovuti) na hosti (kampuni inayoweka faili zako kwenye seva, kompyuta iliyo hewani muda wote), na kila kimoja kina bei yake na tarehe yake ya kuisha. Wengi huumia kwa sababu waliuziwa vyote viwili kama kitu kimoja, bila kuonyeshwa funguo za chochote.

Jina kwanza

Kwa biashara inayouza Kenya, chukua .co.ke. Msimamizi wa majina ya .ke ni KENIC, nawe unanunua kupitia wakala walioidhinishwa nayo, kwa takriban shilingi elfu moja kwa mwaka. Mashirika yasiyo ya faida hutumia .or.ke. Shule zina .sc.ke, ila hiyo huombewa kwa nyaraka, kwa hiyo ianze mapema.

Hakikisha usajili uko kwa jina lako, simu yako, na imeili isiyo ya domeini hiyo hiyo. Domeini ikiisha muda, imeili zake zinakatika pia, na kiungo cha kubadilisha nenosiri kitatumwa kwenye sanduku usiloweza kulifungua. Kama kijana aliyekutengenezea tovuti alijisajili yeye, siku akienda Qatar kutafuta kazi ameondoka na kibao cha duka lako. Ofa ya "domeini ya bure" si mbaya, mradi uulize kwa maandishi: mwaka wa pili ni bei gani, na nikihama nitapewa msimbo wa kuhamisha bila malipo?

Namba moja: hosti ya pamoja, kampuni ya Kenya

Hili ndilo chaguo letu kwa wengi. Seva moja inagawiwa wateja wengi, nawe unapewa paneli ya usimamizi, mara nyingi cPanel. Vifurushi vidogo huanzia kama shilingi elfu mbili hadi elfu sita kwa mwaka. Unalipa kwa M-Pesa, na kukiwa na tatizo unapiga simu kwa mtu anayejua stima ikipotea maana yake ni nini.

Usinunue kwa kuangalia gigabaiti. Tovuti ya kurasa sita haifiki gigabaiti moja. Angalia haya: bei ya mwaka wa pili, kama VAT ya asilimia 16 imeshahesabiwa, idadi ya faili zinazoruhusiwa, na kumbukumbu ya RAM kwa kila akaunti. Palipoandikwa "bila kikomo" pana kikomo. Kimehamishiwa kwenye masharti, na kwa kawaida ni cha faili. WordPress, programu ya bure ya kujengea tovuti, ikiwa mpya tu ina faili zaidi ya elfu tatu, na kila imeili unayoacha kwenye seva huhesabiwa kama faili nyingine. Ndiyo maana akaunti hujaa ilhali nafasi inaonekana tele.

Ahadi ya kuwa hewani nayo ipigiwe hesabu. Asilimia 99.9 inaruhusu dakika kama 43 za kuzimika kwa mwezi. Asilimia 99 inaruhusu saa saba na zaidi.

Kampuni kuwa ya Kenya si hakikisho kwamba seva iko Kenya. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchini, na hapo ndipo mahali seva ilipo palipoonekana: data kati ya Kisumu na seva ya Nairobi hailazimiki kuvuka bahari. Omba anwani ya IP ya seva yao, yaani namba yake mtandaoni, uipime kwa ping, amri ya kompyuta inayopima muda wa seva kujibu. Kwenye faiba, seva ya Nairobi hujibu kwa makumi machache ya milisekunde. Ya Ulaya huenda 150 na kupita. Ila usipime tovuti ya kampuni yenyewe. Ikiwa imewekwa nyuma ya Cloudflare, mtandao unaopokea wageni kwa niaba ya tovuti, atakayekujibu ni Cloudflare wa Nairobi au Mombasa, hata kama seva iko Ujerumani.

Kabla ya kulipa, watumie swali Jumamosi usiku. Jibu likija Jumanne, umeshajua.

Namba mbili: kurasa za bure

Anayeweza kuandika HTML kidogo (lugha ya kuandikia kurasa za tovuti), au mwenye mpwa anayeweza, afikirie GitHub Pages au Cloudflare Pages. Unalipia jina tu. Hakuna hifadhidata, hivyo hakuna cha kudukuliwa kirahisi wala cha kusasisha kila wiki. GitHub Pages hutaka tovuti isizidi gigabaiti moja, na haikusudiwi kuendesha duka la mtandaoni. Fomu ya mawasiliano haitafanya kazi yenyewe, lakini kwa mteja wa hapa kiungo cha wa.me chenye namba yako, ikianza na 254 bila alama ya kujumlisha wala sifuri, kinatosha kabisa. Google Sites ni rahisi zaidi na inakubali domeini yako, ila sura zake ni chache.

Namba tatu: wajenzi wa kuburuta, kama Wix

Unapata tovuti nzuri jioni moja. Tatizo ni kutoka: tovuti ya Wix huwezi kuibeba ukaipandisha kwenye hosti nyingine, unaanza upya. Kifurushi cha bure kina matangazo yao na hakikubali domeini yako.

Namba nne: hosti ya nje ya bei ya kurusha chambo

Lile tangazo la dola mbili au tatu kwa mwezi mara nyingi ni la anayelipa miaka mitatu au minne kwa mkupuo. Ikifika kulipia upya, bei huweza kuwa mara mbili au tatu, kwa kadi na kwa dola. Huduma yenyewe inaweza kuwa nzuri. Piga hesabu ya miaka mitano ndipo ulinganishe.

VPS, yaani sehemu ya seva unayoisimamia mwenyewe, tumeiweka mwisho. Kusasisha mfumo, ukuta wa usalama na nakala za akiba vyote ni juu yako, na kwenye RAM ndogo MySQL, programu ya hifadhidata, huuawa na mfumo kumbukumbu ikiisha. Mgeni anaona ujumbe kwamba hifadhidata haipatikani, nawe uko kwenye matatu Ahero.

Kuijenga

Ukichagua namba moja, elekeza domeini kwa kuweka neimseva mbili ulizopewa na hosti, yaani majina ya seva zinazoonyesha tovuti yako iko wapi. Mabadiliko huweza kuchukua saa chache hadi 48, usiyabadilishe tena katikati. Kisha washa cheti cha SSL, kinachofanya anwani ianze na https na mawasiliano yafichwe. Cha Let's Encrypt ni bure, hudumu siku 90 au pungufu na hosti nzuri hukihuisha yenyewe. Kikigoma kutolewa, mara nyingi domeini bado inaelekea seva ya zamani.

Sakinisha WordPress kutoka kwenye paneli, na jina la kuingilia lisiwe "admin". Themu (sura ya tovuti) moja nyepesi inatosha, na plagini (programu za nyongeza) zisipite sita. Plagini na themu za kulipia zinazogawiwa bure kwenye vikundi vya Telegram ziache. Ndimo virusi huingilia.

Picha ndizo huua tovuti nyingi. Picha ya simu ina megabaiti nne hivi. Weka 20 za makochi, na mteja wa Kakamega anapakua megabaiti 80 kwa bando lake. Ataondoka kabla ya kochi la pili. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200, uzihifadhi kama WebP, aina nyepesi ya faili ya picha, kila moja chini ya kilobaiti 150. Zote 20 zitakuwa megabaiti tatu au pungufu.

Ujumbe wa fomu ukipotea, WordPress inautuma bila kujitambulisha. Weka plagini ya SMTP, inayotuma kupitia akaunti halisi ya imeili, bandari 587 au 465, kwa imeili ya domeini yako, na uwashe DKIM, sahihi inayothibitisha imeili imetoka kwako. Rekodi ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma imeili za domeini yako, iwe moja tu: ukiongeza ya pili badala ya kuziunganisha, zote mbili huhesabika batili.

Kwenye mipangilio ya usomaji kuna kisanduku kinachozuia injini za utafutaji. Wengi hukitia alama wakati wa kujenga na kukisahau, kisha wanashangaa mbona Google haiwaoni. Kiondoe alama, ndipo usajili tovuti kwenye Search Console, huduma ya Google ya wenye tovuti.

Nakala ya akiba iliyo kwenye seva ile ile huzama na seva. Ipeleke Google Drive kila wiki kwa plagini ya UpdraftPlus, na ujaribu kuirejesha mara moja kwenye domeini ndogo ya majaribio kabla hujatangaza anwani yako.