Kompresa ya petroli ya kuundwa Malindi: pampu safi, tangi la kutazamwa mara mbili

Kompresa hii haina jina wala kibandiko. Ni ile inayoundwa na mafundi wa jua kali mjini Malindi: injini ya petroli ya nguvu za farasi 6.5, ndugu wa zile zinazovuta maji mashambani Ganda na Kakoneni. Pampu ya hewa ya silinda mbili, kila moja kipenyo cha milimita 65. Tangi la lita 100. Magurudumu mawili na mkono wa kusukumia. Wateja wake ni mafundi wa pancha wa Mambrui na Gongoni, wapuliza rangi wanaofuata kazi ilipo, na yeyote ambaye stima ikipotea kazi yake hulala. Karakana iliyounda hii tuliyoikagua hatuitaji, maana makosa yake ni ya karakana nyingi.

Kwa kutia upepo haina mchezo. Piga hesabu mwenyewe: pampu ya ukubwa huu ikizunguka mara 900 kwa dakika hutoa kiasi cha lita 200 za hewa kila dakika. Tangi la lita 100, kufika bar 8 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa), lazima limeze lita 800. Basi kutoka sufuri hadi bar 8 ni dakika nne, zikizidi sana tano. Simama na saa kabla hujatoa pesa. Ikienda dakika nane, ama kuna mahali panavuja, ama puli, yaani gurudumu la mkanda, si saizi yake, ama vibati vya valvu ndani ya kichwa cha pampu havifungi sawasawa.

Hapo kwenye puli fundi huyu kafanya vizuri. Injini huzunguka mara 3,600. Puli yake ni ya inchi 3 na ya pampu ni ya inchi 12, ndiyo hiyo 900. Wapo wanaofunga ya inchi 5 upande wa injini ili mteja asikie mngurumo na aone tangi linajaa haraka. Pampu inapanda hadi mizunguko 1,500, kichwa kinachemka, mafuta yanaungua na kuwa masizi, na vibati vya valvu havimalizi msimu. Mkanda nao umenyooka: uzi ukivutwa kutoka puli hadi puli unagusa kingo zote nne.

Kasoro kubwa imejificha kwenye kijisanduku cheusi kilichofungwa juu ya tangi. Kwa nje kinapendeza. Ukifungua kifuniko, ndani mna swichi ya shinikizo ya kompresa ya stima, vituo vyake vinne vya shaba viking'aa, na hakuna hata waya mmoja. Ni pambo. Kwenye mota ya stima swichi ile hukata umeme tangi likijaa. Injini ya petroli haina umeme wa kukatwa namna hiyo. Itaendelea kusukuma hadi petroli iishe au kitu kipasuke. Na hata ukiunganisha swichi ili izime plagi, kila baada ya matairi machache utakuwa unavuta kamba kuwasha upya.

Kinachotakiwa ni valvu ya kupunguza mzigo, mafundi huiita anloda. Inakaa kwenye bomba kati ya pampu na tangi, na upande wa tangi panawekwa valvu ya kuzuia hewa kurudi. Kijibomba cha robo inchi kinatoka tangini kuipelekea habari. Shinikizo likifika bar 8, anloda inafunguka, pampu inapumua nje bila kazi, na pistoni ndogo inavuta waya wa akseli, ule wa kuongeza na kupunguza mwendo, ili injini ishuke silensa, yaani mwendo wa chini kabisa. Likishuka bar 6 inafunga, injini inapanda tena yenyewe. Ukinunua anloda, itafute ya injini ya petroli, yenye kile kipistoni cha akseli. Ikikosekana, kilichobaki cha kukukinga ni valvu ya usalama peke yake, na hiyo imewekwa kwa siku ya balaa. Ukiifanya ndiyo ya kutoa upepo kutwa, kiti chake kinalika na springi inachoka.

Tena valvu ya usalama ya mashine hii imepulizwa rangi. Rangi ya buluu imepita tangini, kwenye geji, ikamaliza na pete ya kuvutia. Tulipoivuta haikusogea mpaka ilipokwanguliwa. Rangi ndani ya springi ni sawa na gundi, na chumvi ya upepo wa bahari humalizia iliyobaki. Ibadilishe, weka mpya ya shaba iliyopangwa kufunguka bar 9, na uivute pete kila wiki ukiwa umegeuza uso pembeni. Pasiwe na koki yoyote chini yake, wala kati ya pampu na tangi. Mtu akiifunga kwa bahati mbaya, ndiyo basi.

Tangi lenyewe ni bamba la milimita 4, vichwa vimebinuliwa kama sahani, jambo la kusifu. Kichwa bapa hakifai hata kikiwa kinene kidogo, maana hupumua ndani nje kila tangi likijaa na kuisha, hadi mshono upasuke. Tangi hili lina kipenyo cha sentimita 40. Kwa bar 8 kila kichwa kinasukumwa kwa uzito wa tani 10 hivi. Kwa sababu hiyo pipa la mafuta halifai hata kwa majaribio. Chupa ya gesi ya friji nayo haifai: imetengenezwa itumike mara moja itupwe, na bamba lake ni jembamba mno. Mtungi wa gesi ya kupikia ukiuchomelea unaweza kulipuka kwa mabaki ya gesi kabla hujaweka hata upepo. Na bomba la plastiki la maji lisitumike popote: likibeba shinikizo la hewa halichaniki, linavunjika vipande vinavyoruka.

Lakini miguu na jukwaa la injini vimechomelewa moja kwa moja juu ya bamba la tangi. Injini ya silinda moja hutikisika kutwa, na ufa huanzia pembeni mwa mshono wa mguu. Dawa ni kuchomelea kwanza kipande cha bamba chenye kona za mviringo, mguu ukae juu ya hicho, kisha raba nene chini ya injini. Kosa jingine: koki ya kutolea maji iko inchi moja juu ya kitako. Hewa ya Malindi ni ya unyevu. Tangi linalofanya kazi kutwa halikosi maji jioni, na hiyo inchi moja inabaki ikila chuma kutoka ndani, pasipoonekana. Koki iwe chini kabisa, na ifunguliwe kila siku.

Omba jaribio la maji, na uwepo likifanyika. Tangi lijazwe maji ya bomba, si ya kisima cha chumvi, tundu la juu likiwa wazi hadi hewa yote itoke. Lipimwe kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Kisha pampu ya mkono, ile ya mafundi wa mabomba, ilipandishe hadi bar 12, yaani mara moja na nusu ya kazi yake. Nusu saa, mshale usishuke. Likifunguliwa, kiuno kirudi kama kilivyokuwa. Kikibaki kimeongezeka hata milimita chache, chuma kimenyooka, halifai tena. Usikubali likijaribiwa kwa hewa. Maji hayabanwi, kwa hiyo mshono ukiachia unarusha kijito tu. Hewa ikiachia inarusha chuma. Kwa wenye gereji, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka tangi la hewa likaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa kila miezi 24.

Mengine ni madogo ila yasipuuzwe. Kati ya pampu na tangi wameweka hosi ya raba. Hewa hapo hutoka na joto linalozidi la maji yanayochemka, raba italainika ipasuke. Weka bomba la shaba la nusu inchi, lizungushwe duara moja ili limeze mtikisiko. Mkanda hauna kinga, na mji huu ni wa vikoi na leso: wavu wa chuma ufunike puli zote mbili, mbele na nyuma. Pampu inataka mafuta ya kompresa, si ya injini.

Mahali pa kuiweka pia pana maneno. Kontena na kibanda cha mabati kilichofungwa vinakusanya moshi wa injini, na ule usionuka ndio unaoua. Chini ya makuti hewa inapita, lakini ekzosi isielekee paa wala ukuta wa makuti. Filta ya pampu iwe upande mwingine na moshi. Na hewa yake asipewe mzamiaji kwa mpira mdomoni hata dakika moja. Ina mvuke wa mafuta na moshi.

Kwa bodaboda, tuktuk na Probox, itakutosha na kubaki. Kwa lori linalotaka psi 110 hapana: bar 8 ni psi 116, ikishuka bar 6 ni 87, utasubiri kila tairi.

Ukiiagiza, mwambie fundi akupe tangi likiwa chuma kitupu, lijaribiwe kwa maji hivyo hivyo, rangi ije baadaye. Rangi nzito huziba tundu dogo la mshono kwa miezi miwili mitatu.