Saa ya kupima msongo: kwanza ipandishe matatu

Kila wiki mnaniuliza mnunue saa gani ya kupima msongo wa mawazo, nami nimekuwa nikijikausha kwa aibu. Mwezi wa tatu nilitoa shilingi 18,500 kwa duka moja katikati ya jiji. Siku ya pili, matatu ikiwa imekwama Roysambu, makanga akakatalia na chenji yangu. Tulibishana hadi koo likakauka, moyo ukinidunda masikioni. Jioni nikafungua grafu: saa kumi na moja unusu hadi saa moja, nafasi tupu. Nilipofika kwa kochi na chai ndipo ikaandika, "msongo mdogo".

Pengo hilo hakuna muuzaji analitaja. Saa hizi humulika ngozi kwa mwanga wa kijani, zikafuata damu na kupima muda kati ya pigo na pigo. Moyo uliotulia hauendi sawasawa kama saa ya ukutani. Muda huo hubadilikabadilika kwa milisekunde, na ukibanwa na msongo mabadiliko hupungua. Mkono ukitikisika, milisekunde hazisomeki, saa inanyamaza. Sasa sisi wa Thika Road tutapimwa lini?

Kwa hivyo hapa nimepanga vifaa kwa jambo moja tu: kama vinasoma ukiwa kwenye mtikisiko. Mambo ya rangi na kuogelea nayo siyagusi.

Namba moja ni Polar H10, na sifichi, Polar naipenda. Ni ukanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo wenyewe. Lowesha sehemu za ndani kwa maji ya bomba, funga chini ya matiti, basi. Nimepanda nao hadi Githurai, matuta na yote, mapigo hayakukatika. Hauna kioo, utahitaji programu ya simu ya kuchambua mapigo. Betri ni CR2025, ile ya duara, kwa hivyo hakuna chaja ya kupotea. Sidiria ya waya huugonga, nimewaambia mapema.

Pili, saa ya Garmin. Hukupa alama za msongo 0 hadi 100. 25 kushuka chini ni mapumziko. Usiku na ofisini iko sawa. Ukianza kutembea, pengo lile lile.

Tatu, Muse, utepe wa kichwani kutoka Toronto unaosoma mawimbi ya ubongo kwenye paji na nyuma ya masikio. Umeme huo ni mdogo mno, hata kukunja uso huuvuruga. Na ukiwa umesuka, kazi unayo: nilisukuma nywele dakika kumi ndipo ukagusa ngozi.

Saa zile za elfu mbili? Nilifunga moja kwenye ndizi mbivu. Ikasoma mapigo 74.

Halafu bei! Ukanda wa kama dola 100 huko Marekani, hapa niliitishwa 24,000. "Ni mambo ya dola, madam." Kuujaribu nako, ukifungua boksi umenunua.

Ile saa yangu niliirudisha. Risiti, kwa maandishi ya sisimizi: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Nikamwomba muuzaji aivae mwenyewe apunge mkono. Akapunga kama mara kumi, tukainamia kioo pamoja. Vistari viwili.

"Labda ni betri," akasema.