Uzoefu wangu: meko ya umeme ya ukutani kwenye baridi ya Njombe

Nianze na jibu, maana ndilo kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu analiulizia: ndiyo, meko ya umeme inapasha joto kweli, na hela yangu siijutii. Ila haipashi nyumba. Inapasha chumba kimoja, tena kikiwa kimefungwa. Ukiacha mlango wa koridoni wazi, unaupasha mji mzima wa Njombe kwa umeme wa LUKU yako.

Nazungumzia ile meko ya kutundika ukutani, pande la kioo cheusi lenye urefu wa kama mita moja na robo, ambalo ukiliwasha unaona ndimi za moto na magogo yanawaka. Ndani yake kuna hita yenye feni. Yangu ina wati 1,800 ikiwa juu na 900 ikiwa chini. Niliinunua Kariakoo kwa laki saba na nusu, ikapanda huku kwa basi ikiwa imefungiwa kwenye fremu ya mbao, na fremu hiyo ilibidi niilipie pembeni. Kampuni siitaji, kwa sababu mashine za sura hii duka hili zinaitwa hivi na duka la jirani zinaitwa vile, lakini ukizigeuza mgongo unakuta kibandiko kilekile. Soma kibandiko cha mgongoni, jina la mbele liache.

Kwa asiyeijua Njombe: mji unakaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti kuna asubuhi unaamka nyasi zimepigwa sakitu, nyeupe. Jioni watu wanakula na majaketi mezani. Kwa miaka yote tulikuwa tunaota jiko la mkaa. Mkaa wa muwati huku si wa kutafuta, na hakuna anayekataa joto lake. Lakini mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichozibwa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na habari za watu kulala na jiko ndani wasiamke tumezisikia wote. Wajukuu walipoanza kuja likizo nikasema jiko sebuleni basi.

Mzee wangu yeye alitaka meko ya kweli, ya mawe, yenye dohani, kama aliyoiona kwenye nyumba za zamani za mashamba ya chai kule Mufindi. Nzuri, sibishi. Ila nyumba yetu imeshaezekwa. Kupitisha dohani ni kutoboa dari, kukata bati, halafu masika yote unaomba Mungu pasivuje. Na meko ya wazi joto lake kubwa linapanda na moshi kwenda juu, wewe unabaki na la mbele ya magoti. Hita ya gesi nayo inataka dirisha liwe wazi kidogo muda wote, kwa hiyo unaingiza baridi ileile unayoifukuza. Tukaangukia umeme.

Sasa kwenye kuchagua. Mdogo wangu aliyeko Marekani alijitolea kunitumia moja kutoka huko, akanitumia na picha. Nikamwomba apige picha ya kibandiko: volti 120. Umeme wetu ni volti 230, na mashine ile ingehitaji transfoma ya kubeba wati zote hizo, pande zito la chuma lingekaa chini ya ukuta na kuungurumia wageni. Nikamshukuru, nikamwambia anunulie watoto viatu. Ukiletewa na ndugu meko yoyote kutoka nje, volti ndilo la kwanza kuuliza.

La pili ni ukubwa wa chumba. Hesabu ya haraka ni wati 100 kwa kila mita ya mraba kama dari ni la urefu wa kawaida. Sebule yangu ni mita nne kwa nne na nusu, yaani mita za mraba 18, na wati 1,800 zinaitosha bila ziada. Mwenye sebule kubwa iliyoungana na sehemu ya kulia chakula, kama wanavyojenga siku hizi, asinunue akitegemea miujiza. Upana wa kioo hauongezi joto hata kidogo; niliona dukani ya mita moja na nusu yenye hita dogo kuliko la kwangu.

La tatu ni tundu la joto liko wapi. Nyingine zinapulizia juu, nyingine mbele kwa chini. Kama unataka kutundika TV juu yake, chukua inayopulizia mbele. Zile za juu zitaioka TV yako taratibu.

Muuzaji aliniambia kwa sauti ya kuapa kwamba inakula umeme kama taa. Ni kweli ukiwasha picha ya moto peke yake, maana pale ndani ni taa za LED na kijiti chenye vibati vya kung'aa kinachozunguka na kurusha mwanga kwenye kioo. Ukibonyeza joto, hadithi ni nyingine. Wati 1,800 kwa saa tatu za jioni ni uniti 5.4. Kwa bei ninayonunulia mimi, karibu shilingi 356 kwa uniti na kodi ikiwemo, hiyo ni kama shilingi 1,920 kwa jioni moja. Fanya hivyo mwezi mzima unakaribia elfu 58. Kwa kuwa ina kidhibiti joto kinachozima hita chumba kikifikia nyuzi nilizoweka, matumizi yangu yako chini ya hapo, lakini mimi huhesabu kwa ubaya ili nisishtuke. Aliye kwenye ule mpango wa bei nafuu wa uniti 75 kwa mwezi aangalie zaidi, kwa sababu jioni kumi na nne za namna hii zinazimaliza zote kabla hujawasha taa wala friji, na zinazozidi bei yake ni nyingine kabisa.

Na hili wauzaji hawalisemi: hita ya kawaida ya elfu sabini yenye wati 1,800 inatoa joto sawasawa na hii ya laki saba na nusu. Umeme ukishageuka joto ni joto tu, hakuna la daraja la kwanza. Tofauti ya bei unalipia sura, unalipia nafasi ya sakafu, na kwangu mimi nilimlipia mjukuu wa miaka miwili ambaye hita ya chini angeipiga teke. Mwenye hela ya mawazo achukue hita ya kawaida, inayobaki anunue mapazia mazito na mpira wa kuziba chini ya mlango. Tena mapazia na mpira ningemshauri hata mwenye hela. Sisi tulianza na hivyo kabla meko haijafika, tukaziba na zile tundu za hewa juu ya madirisha zilizokuwa zinapitisha upepo usiku kucha, zote isipokuwa moja, kwa sababu watu bado wanahitaji hewa. Tofauti tuliiona siku hiyohiyo.

Ufungaji ndio uliotafuna muda. Fundi umeme wangu ni kijana wa hapa mjini, mpole, ila akishika tesa hakubali maneno. Nilimwonyesha soketi iliyokuwa nyuma ya kabati, nikadhani atachomeka tu.

"Mama, hii soketi imevutwa kutoka kwenye ya jikoni," akaniambia akiwa ameshaifungua. "Kule kuna birika, kuna pasi. Ukiwasha na hii, siku moja utasikia harufu."

Akanionyesha waya: kwenye ncha ganda lake lilikuwa limeanza kuwa kahawia na kukauka. Na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini ukivuja, ulikuwa umekatwa, umekunjwa nyuma, haukufungwa popote. Nyumba imejengwa miaka mingi, na hatukuwahi kujua. Akavuta laini mpya kutoka kwenye breka hadi ukutani, waya wa milimita za mraba 2.5, na breka yake peke yake, hakuna kingine kinachochangia. Ethi akaifunga na kuipima. Soketi akaiweka pembeni ya meko, si nyuma, ili plagi isikae kwenye joto na niweze kuichomoa bila kushusha mzigo. Kazi hiyo na vifaa vilinigharimu karibu robo ya bei ya meko yenyewe, na kama ningekuwa na hela ya kimoja tu kati ya hivyo viwili, ningetengeneza waya. Ekstensheni alikataa kata kata. Hata kile kifaa cha kulindia friji usikipitishe hapo. Vingi vimetengenezwa kwa ampea 5, na meko hii inavuta karibu 8.

Kisha ukuta. Nyumba zetu nyingi huku ni tofali za kuchoma, na za zamani zimejengewa udongo, saruji iko kwenye lipu tu. Meko ina uzito wa kama kilo 20, inaning'inia kwenye chuma kimoja kirefu chenye matundu ya skrubu. Fundi alipima kwa pima maji, akaweka alama kwa penseli, akaanza kutoboa. Tundu la kwanza lilitoa unga mweupe wa lipu, halafu mwekundu wa tofali, mkavu, ukashika vizuri. La pili drili ikazama ghafla kama imeingia kwenye ugali, na kilichotoka ni udongo wa kahawia. Alikuwa amegonga kiungo kati ya tofali na tofali. Akaichomoa drili, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole akisikiliza, kisha akakishusha chuma kizima sentimita tatu ili skrubu zote ziangukie katikati ya tofali. Zile plagi fupi za plastiki za kushikia skrubu zilizokuja kwenye boksi akaziweka pembeni, akatumia ndefu zake, maana lipu peke yake ilikuwa na unene wa karibu sentimita mbili na plagi fupi ingeishia humo. Alipomaliza alining'inia kwenye kile chuma kwa mikono miwili. Hapo nikamwamini.

Tuliiweka ukingo wa chini ukiwa kama sentimita 70 kutoka sakafuni, usawa ambao aliyekaa kwenye kochi anauona moto bila kuinua shingo. Mapazia, makochi na nguo zozote vikae mbali mita moja. Kuna wanaochimba ukuta ili meko izame na ilingane na lipu. Inapendeza sana kwenye picha, lakini kwenye ukuta wa tofali zilizojengewa udongo mimi nisingekubali mtu anikatie shimo la mita moja na robo.

Siku ya kuwasha ilitoa harufu ya vumbi linaloungua kwa dakika chache, ikaisha. Tangu hapo utaratibu wangu ni kuweka juu nusu saa kabla ya chakula, kisha naishusha 900 jioni iliyobaki. Feni inasikika. Si kelele ya kukufanya upandishe TV, ila ukisoma kimya utaijua ipo. Ngozi na midomo hukauka, hivyo mafuta ya mgando yana kazi. Kioo chenyewe hakiunguzi, joto liko pale kwenye tundu tu, na hilo tundu nimelikataza kwa watoto kwa lugha zote ninazozijua.

Kasoro yake kubwa si yake peke yake. Saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha kila kitu, umeme unapungua nguvu. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, hita ya wati 1,800 inatoa kama 1,360 tu, kwa hiyo usiku ule wa baridi kuliko zote ndio yenyewe inalegea. Anayeishi mwisho wa laini aliweke hilo kwenye hesabu. Umeme ukikatika ndiyo kabisa, ni kioo cheusi ukutani, na sola yetu ndogo inaweza kuwasha picha ya moto lakini si joto.

Picha hiyo ya moto, kwa maoni yangu, wanaisifia mno. Mama mkwe alipokuja kutoka Ludewa tulimwashia mwanga bila joto, jua lilikuwa bado kali nje. Akasogeza kigoda, akanyoosha mikono yote miwili, akangoja. Akamgeukia mwanawe: "Huu mmeununua wa kutazama?" Nikabonyeza joto haraka. Alitulia hapo hadi chakula kilipoiva, lakini siku ya pili asubuhi nilimkuta jikoni nje, anaota kuni.

Chumbani hatukuweka na hatutaweka. Blanketi zinatosha na sitaki hita iwake watu wamelala. Kabla ya Juni nachomoa plagi, naondoa vumbi kwenye tundu za feni kwa brashi kavu, vinginevyo inajizima yenyewe kwa kujilinda isipate moto kupita kiasi na utadhani imekufa. Rimoti inatumia betri bapa ya CR2025, na hapa mjini nazipata kwa mafundi saa.