Kifuniko cha ukingo wa kitanda cha mtoto: kitambaa au plastiki?

Mtoto anayeota meno akishaweza kusimama, hung'ata ukingo wa juu wa kitanda, na vanishi hubanduka vipande vikaishia mdomoni. Hilo linatutia hofu kuliko alama kwenye mbao.

Tunapendekeza kifuniko cha pamba cha tabaka kadhaa, chenye kamba za kufungia kati ya fito. Kinafuliwa, nunua viwili kwa kila upande, kwani hulowa mate haraka. Pima kwanza urefu na mzunguko wa ukingo. Kwenye kitanda cha sentimita 120 kwa 60, kifuniko cha sentimita 110 kitaacha ncha wazi upande mrefu, na mtoto atahamia hapohapo. Mafundo yote yakae nje na ncha za kamba ziwe fupi kabisa: kamba ndefu inaweza kumnyonga.

Ukanda wa plastiki wa kubandika hatuupendi. Gundi ikilowa mate huachia pembeni, mtoto akaumega na kukabwa.

Vanishi ikiwa imeshabanduka, piga msasa namba 220, futa vumbi, paka nta ya nyuki. Kitanda cha zamani chenye rangi usiyoijua usikiguse kwa msasa. Huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.