Nyuzi bapa kwenye besi: miezi minane ya kupiga ska nazo

Nilikuwa napiga ska, ule muziki wa Jamaika, kwa gitaa la besi karibu miaka miwili na kila nikijirekodi naona kuna kitu hakikai, mwendo ninao, kodi (noti zinazopigwa pamoja) nazijua, lakini besi inalia ting ting na kila noti inamwagikia kwenye inayofuata. Nikabadilisha ampu, wapi. Mwishowe nikafunga nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa utepe wa chuma badala ya waya wa mviringo, unene 45 mpaka 105 (elfu za inchi), na aisee, kumbe shida ilikuwa hapo.

Sikiliza rekodi za Kingston, Jamaika, za mwanzoni mwa miaka ya 60 utanielewa. Lloyd Brevett wa Skatalites, bendi iliyoanza 1964, alikuwa anapiga besi kubwa ya mbao, ile ya kusimama nayo, noti inatoka na uzito halafu inakufa haraka. Gitaa na piano zinakata katikati ya mapigo, moja-NA-mbili-NA, sasa besi yako ikiendelea kuvuma pale kwenye NA unakuwa umeziba kile kinafasi ambacho ndo ska yenyewe. Nyuzi bapa hazivumi hivyo. Dum, imeisha.

Chukua mwendo wa kawaida kabisa, C E G A, halafu B flati A G E, unaingia F, noti nne kila baa (yaani kila mapigo manne), zote sawasawa. Kwenye nyuzi za zamani nilikuwa nasikia vidole vikikwaruza kila nikihama freti, vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa, sasa hivi kimya kabisa, noti zinapangana kama hatua za mtu anayetembea. Nimeongeza na kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, kiguse tu kisisukume, maana mara ya kwanza niliweka kinene mno nyuzi zikainuka na noti za juu zikatoka nje ya tyuni.

Sasa kasoro. Hizi nyuzi zinavuta sana kuliko za kawaida. Mimi nilifunga nikaanza kupiga, baada ya siku chache shingo imepinda kwenda mbele, nyuzi ziko juu mpaka vidole vinauma, ikabidi fundi akaze kile chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, asogeze na vitandiko vya daraja. Kwa hiyo ukinunua weka na hela ya fundi. Na kama unachopiga ni ile ska-pank ya Marekani ya kina Matt Freeman, mpiga besi wa bendi ya Operation Ivy, besi inayokimbia na inayong'ata, achana nazo, utajisikia umefunikwa blanketi.

Halafu kuna kazi nyuzi haziwezi kukufanyia. Nyimbo za polepole noti bado inabaki ndefu kidogo usipoilegeza mwenyewe kwa mkono wa kushoto, yaani kidole kinapunguza nguvu bila kuuacha uzi, na mimi hapo bado nahangaika, kila siku dakika ishirini na metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kodi moja tu. Ila kwa sauti ya ska ya Jamaika ya zamani nimeridhika kabisa. Seti ya pili sijanunua, hii ya kwanza bado iko kwenye gitaa na kadiri inavyochakaa ndo inazidi kunoga.