Antena ya Pwani Inunuliwe kwa Nati Zake

Jumapili moja mwezi wa saba, kusi limechachamaa, nimekaa Kigamboni nasikiliza 145 MHz, masafa ya sisi wapenzi wa redio tunaoongea wenyewe kwa wenyewe. Taarabu ikaanza kupita chini ya sauti za watu. Nikalaumu redio, nikabadilisha redio. Nikalaumu waya, nikabadilisha waya. Taarabu ipo pale pale. Jioni upepo ukaongezeka, antena ikajizungusha kwenye mlingoti na kulala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta. Hapo ndipo nikapanda juu na spana namba 13.

Nati ya kwanza haikufunguka. Spana ilizunguka tu, pembe zote sita zikabaki unga mwekundu kiganjani. Ya pili ikakatika pamoja na kipande cha bolti. Yuboti, ile bolti iliyopinda kama herufi U inayokumbatia mlingoti, ilikuwa imekonda pale nati inapokalia hadi unene wa njiti ya kiberiti. Antena yenyewe? Bomba la faibaglasi jeupe kama siku nililolifungua kwenye boksi. Miezi 14 tu. Wazee husema mtu amekula chumvi nyingi. Bolti zangu hazikupata nafasi hiyo, chumvi ndiyo iliyozila.

Na ile taarabu ndiyo dalili niliyoipuuza. Vyuma viwili vikigusana kupitia kutu, kutu hupitisha umeme upande mmoja kuliko mwingine, kama diodi. Mawimbi ya stesheni kubwa za FM yakifika pale yanachanganyika na kuzaa mawimbi mapya, na mengine yanaangukia kwenye masafa yako. Ukianza kusikia vitu visivyo vyako, mlingoti ukaguliwe kabla ya redio.

Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu wati, SWR (kipimo cha jinsi antena inavyopatana na redio) wala antena ipi inafika mbali. Hayo yameandikwa kwenye boksi, na kila muuzaji anayajua kwa kichwa. Mimi nataka kujua kitu kimoja: kilichoishika hiyo antena ni chuma gani?

Majibu yapo manne. La kwanza ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki kwa umeme. Kinang'aa, kina ubluu kidogo au njano ya dhahabu, na ndicho kilichojaa madukani. Zinki hiyo huwa na unene wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) chache tu, tano hadi nane hivi. Dodoma itakaa miaka. Mita mia tatu kutoka baharini, usiweke ahadi. La pili ni chuma kilichochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa: kijivu kilichofifia, kinakwaruza, hakina urembo wowote, kama vyuma unavyoviona kwenye nguzo za umeme. Hapo zinki inafika mikroni arobaini na zaidi. Angalizo: nati zake hutobolewa kubwa kidogo ili zipishe ule unene, kwa hiyo nunua bolti na nati pamoja. Nati ya kawaida haitaingia, na fundi atataka kuikwangua zinki kwa tupa. Mnyang'anye tupa.

La tatu na la nne ni stenlesi, na hapa ndipo watu wanapigwa. Stenlesi zipo nyingi. Inayouzwa zaidi ni A2, ambayo wengine huiita 304. A4, au 316, imeongezwa metali iitwayo molibdeni, asilimia mbili hivi, na hiyo molibdeni ndiyo inayozuia chumvi ya bahari isitoboe vishimo. A2 ufukweni hupata madoa ya rangi ya chai, kisha vishimo, hasa sehemu iliyojificha ambayo mvua haiioshi. Bolti yenye kichwa huandikwa A2-70 au A4-80 juu yake. Yuboti haina kichwa, mara nyingi haina maandishi, na muuzaji analijua hilo.

Sumaku itakusaidia nusu ya safari. Ikirukia kwa nguvu, hicho ni chuma kilichopakwa, maneno ya dukani yasikutishe. Ikishika kidogo sana sehemu ya meno, usiogope, stenlesi iliyobanwa na mashine hufanya hivyo. Ila sumaku haitakuambia kama ni A2 au A4. Pima kila kipande, si bolti tu. Nimekuta seti ya stenlesi safi kabisa ambayo washa zake za springi ni chuma cha kawaida, yaani viatu vya ngozi vyenye kamba za karatasi.

Sasa orodha yangu.

Namba moja ni Diamond X-50, na sifichi, mimi ni mtu wa Diamond. Ni antena ya Kijapani, fupi, kama mita 1.7, ya bendi mbili, VHF (ndiyo yenye ile 145 MHz) na UHF iliyo juu yake, na inakuja na vyuma vya kufungia vya stenlesi tangu kwenye boksi. Inashika mlingoti wa milimita 30 hadi 62, kwa hiyo bomba la jiai la inchi moja na nusu linakubali, maana nje linapimwa milimita 48 hivi. (Bomba la inchi moja na nusu halina inchi moja na nusu popote unapolipima kwa nje. Nilijifunza hilo baada ya kununua klempu ndogo.) Ufupi wake ni sehemu ya sifa. Dada yake mkubwa X510 ana zaidi ya mita tano, na kusi likimpiga, nguvu yote inashukia kwenye zile klempu. Kama huna mlingoti uliofungwa kwa waya pande tatu, mwache dukani.

Namba mbili, Comet GP-3. Nayo ya Kijapani, nayo ya bendi mbili, urefu karibu sawa. Ukiniuliza kwa nini ni ya pili sina hoja ya kukupa. Mapenzi tu.

Namba tatu itawashangaza: antena ya waya mtupu iitwayo dipoli, kwa wanaotumia masafa mafupi, bendi ya 7 MHz na jirani zake. Haina yuboti hata moja. Inaning'inia kwa kamba kati ya mnazi na paa, na kitu kisicho na bolti hakiozi bolti. Kamba iwe ya poliesta, si ile ya bluu ya plastiki ambayo jua la mwaka mmoja huigeuza manyoya.

Namba nne, antena za bei ya chini zisizo na jina, zenye sura ya Diamond na boksi la kahawia. Vyuma vyake vyote ni zinki ya kung'aa. Ukiinunua, tupa mfuko wa bolti bila kuufungua.

Na usiniletee klipu ya hosi kama njia ya mkato. Wengi wanazifungia antena kwa sababu mkanda umeandikwa stenlesi. Tazama herufi ndogo: W2 maana yake mkanda ni stenlesi lakini skrubu ni chuma kilichopakwa zinki. Skrubu itakufa kwanza, na mkanda uliobaki mzima hautashika chochote. W4 ni stenlesi yote, W5 ni yote 316.

Nilipotafuta yuboti za A4 mjini, duka la kwanza kijana aliniuliza, "Mama, ya kufungia sinki?" La pili wakanionyesha zilizopakwa kromu. Nikatoa sumaku kwenye mkoba, ikadaka kwa mlio, na muuzaji akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba hiyo ni stenlesi yenye sumaku, "ya Ulaya." Duka la tatu walikuwa nazo kweli, lakini nati zake zimeisha, nichukue za zinki "zinafanana." Nati ya zinki juu ya bolti ya A4 baharini ni sadaka, zinki inaliwa upesi, kisha nati yenyewe. Nilizipata mwishoni kwa muuza vifaa vya boti, kwa bei iliyonifanya nihesabu upya noti zangu mbele yake. Yuboti mbili na nati zake zilizidi bei ya kilo ya nyama. Nikalipa. Ile antena iliyolala nililipia mara mbili, na fundi wa kupanda paa mara tatu.

Siku ya kufunga, paka meno grisi nzito ya kijivu ya kuzuia nati zisiumane. Stenlesi juu ya stenlesi, ukikaza haraka ikiwa kavu, huumana katikati ya njia, haiendi mbele wala hairudi, na utarudi kwenye msumeno. Kaza kwa mkono, polepole, upande huu kidogo na ule kidogo. Vipande vya shaba usivigusishe na alumini ya antena. Na kila kusi likiisha, panda na ndoo ya maji yasiyo na chumvi uioshe klempu kwa chini, upande ambao mvua haifiki.

Yangu mpya ina mwaka na nusu sasa, doa moja la chai, na taarabu naisikia kwa jirani tu. Nati nane za A4 zimebaki kwenye kopo la kahawa juu ya kabati. Wameshaniulizia watu wawili. Haziuzwi.