Seti ya misasa na ngozi ya kusafishia fimbo ya pool: ubora wake na kasoro zake

Kwa miezi minne nimekuwa nikitumia seti hii kusafisha sehemu ya mbele ya fimbo yangu, ambayo ni ya mti wa maple. Ndani ya pakiti mna misasa mitatu, namba 600, 1000 na 2000 (kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo msasa unavyokuwa laini), pamoja na kipande cha ngozi kinachoenea kiganjani, na kwa maoni yangu kipande hicho ndicho chenye thamani kuliko vyote.

Fimbo hunata mkononi kwa sababu vumbi la chaki huchanganyika na jasho, kisha hujikita katika vinyweleo vya mbao, mahali ambapo kitambaa kikavu hakifiki. Msasa huutoa uchafu huo, lakini huila na mbao yenyewe. Maelekezo ya pakiti yanashauri kuanza na namba 600 kila wiki, nami niliyafuata mwanzoni, hadi siku nilipotandika kitambaa cheusi chini ya fimbo nikaona kwamba vumbi la samawati lilikuwa limekwisha zamani na lililoendelea kudondoka lilikuwa la rangi ya maziwa. Hilo lilikuwa mbao. Unene wa fimbo karibu na ncha huwa milimita 12 au 13 tu, na kilichokwisha kuliwa na msasa hakirudi.

Tangu hapo ninapitisha namba 2000 peke yake, kwa mkono mwepisi, nikifuata urefu wa nyuzi, baada ya kuifunika kwa tepu ya karatasi ile pete nyeupe iliyo chini ya ncha ili isikwaruzwe. Sehemu yenye vanishi karibu na kiungio, pale vipande viwili vya fimbo vinapoungana, siigusi kabisa. Kisha huifunga fimbo kwa ngozi na kusugua kwa kasi mpaka kiganja kihisi joto. Msuguano huo hulaza nyuzi na kuifanya mbao iteleze kama kioo, bila kupunguza chochote.

Kasoro kubwa zaidi ni ushauri wa kulowesha msasa kwa maji. Maji huzisimamisha nyuzi za mbao na kuifanya ikwaruze upya, na yakizidi yanaweza kuipinda fimbo. Mimi hutumia kitambaa kilichoguswa kidogo na spiriti, mbali na moto, na kukausha papo hapo. Vilevile, seti haiondoi vibonyeo, ingawa pakiti inadai hivyo: anayesugua mahali palipobonyea atapata fimbo yenye kiuno, na kazi hiyo ni ya fundi.

Mwenye fimbo mpya anaweza kuinunua seti hii kwa ajili ya ngozi na namba 2000, na namba 600 aiache ndani ya pakiti.